Ruka Kama Mtandao Haupo

Alhamisi. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa ni jioni haijakata. Hapa Mjimwema, Songea, majirani wanachekelea, mashamba yanapata maji. Mimi sina raha hata kidogo.

Niandike tu, labda kifua kitapungua uzito.

Kazi yetu, kule ofisini Msamala, ni programu ya simu ya kuwaandikisha wakulima wanaotaka mbolea. Wakala anakaa kijijini na simu yake, mkulima anataja jina na mahitaji yake, taarifa zinakuja mjini, na lori linapakia kwa kufuata taarifa hizo. Jina lisipofika, mbolea haiji. Ni hivyo tu.

Namna yetu ya kufanya kazi naipenda kweli. Kabla ya kutengeneza chochote tunakwenda kwa watu wenyewe, tunaandika kwa Kiswahili cha kawaida kila wanachotaka kitokee, tunawasomea kwa sauti mpaka waitikie "sawa". Baadaye kompyuta inachukua maneno yaleyale na kuijaribu programu. Ikifaulu, kijani. Ikishindwa, nyekundu.

Jaribio mojawapo lilitoka kinywani mwa mama mkubwa, dada yake mama, anayelima mahindi Lusewa. Niliandika alivyosema:

Kama mtandao umekata,
pale mkulima anapojiandikisha,
basi simu ishike jina lake, ilitume mtandao ukirudi.

Nilipowasomea yeye na wakulima wenzake alipiga vigelegele. "Hapo sasa! Maana huku kwetu mtandao ni wa kubahatisha." Na kikundi chake kizima kikaitikia sawa.

Leo asubuhi nilikuwa natazama ripoti ya majaribio, kwani programu ilikuwa inakwenda vijijini saa nne. Kijani tupu. Halafu kule chini nikaona mstari wa kijivu: limerukwa. Lile la mama mkubwa. Nikafungua ripoti ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Limerukwa, limerukwa, limerukwa.

Halijawahi kujaribiwa hata mara moja.

Hii ni kazi ya Bosco, mwenzangu tunayekaa meza jirani. Ofisini kwetu mvua ikinyesha mara nyingine mtandao unakata, na majaribio yote yanayohitaji mtandao yanakuwa mekundu bila kosa lolote. Bosco akachoka, akaweka sharti: mtandao usipokuwepo, ruka. Si wazo baya, hata mimi ningelikubali. Tatizo ni kwamba alilibandika kwenye majaribio yote. Jaribio la mama mkubwa linaanza kwa kuzima mtandao lenyewe, kwa sababu ndicho linachopima. Likishazima tu, sharti linaona hakuna mtandao, linaliruka. Jamani!

Nikaliondoa sharti kwenye lile moja. Nyekundu. Nikarudia. Nyekundu tena. Simu inasema "imepokelewa", halafu jina linapotea moja kwa moja.

Nikampelekea bosi. Akatazama, akakuna kichwa. "Rudisha hilo sharti. Wageni wako njiani kuja kwenye uzinduzi, siwezi kuwaonyesha nyekundu. Tutarekebisha wiki ijayo."

Nikamwambia majina ya watu yatapotea.

"Consolata, acha wasiwasi wako. Kwani mtandao utakata kila mahali?"

Nje radi zinapiga hadi madirisha yanatetemeka, na mtu mzima ananiuliza hivyo.

Nikalirudisha. Kwa mikono yangu hii. Bosco hakuinua macho. Ripoti ikawa safi, programu ikatoka, wageni wakapiga makofi, tukapewa soda. Yangu niliiacha mezani.

Saa kumi simu ikaita. Mama mkubwa. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" huku anahema.

"Nimejiandikisha! Mvua kubwa huku, mtandao hamna kabisa, hapa nimepanda kilimani ndiyo nikupate. Wakala alitaka turudi kesho. Nikamwambia andika tu, simu inashika, binti yangu alitusomea mwenyewe. Basi kikundi chote tumejiandikisha!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa naye sikioni. Badala yake nikasema, "Hongera, mama."

Hongera! Nimejichukia.

Simu ikakatika. Nimepiga tena na tena, hapatikani. Bila shaka ameshashuka kilimani, anapika sasa, na moyo wake mweupe.

Nimefungua kompyuta nikalitoa lile sharti. Ripoti imekuwa nyekundu na nimeiacha hivyo hivyo, bosi ataikuta asubuhi. Afanye atakavyo. Ila hilo halimrudishii mtu jina lake.

Kwa hiyo kesho siendi ofisini. Nachukua gari la kwanza la kwenda Namtumbo, kutoka pale nitatafuta bodaboda ya Lusewa, matope au la. Nitasimama mbele ya kikundi, mama mkubwa akiwepo, niseme kwamba majina yao hayapo na kwamba nilijua hata kabla hawajapanga foleni. Wajiandikishe upya, kwa karatasi ikibidi.

Bosi simwogopi sana. Kazi zipo, hata kama si hapa Songea. Ninachoogopa ni kwamba mama mkubwa aliyadhamini maneno yangu mbele yao, tena mbele ya wakala aliyekuwa sahihi kuwaambia warudi kesho.

Siku nikienda kuwasomea tena, nani ataitikia sawa?