Dosie ya Yaya Bolamba

Mardi 4 juin 1974
Nilipelekea Yaya, kaka yangu mukubwa, majani ya pondu na samaki, kama kila mardi. Hospice ya bazee inanuka dawa na mikojo. Kule batu bote bananijua. Mimi ndiye nilikamata mamba kwa mukia, nikamurudisha mu mayi juu alikuwa mudogo.
Yaya anataka kushuka muto mupaka Yanonge kwao, kwa binti yake Bolumbu. Anataka kufia kule. Mashua iko ya vendredi. Masera mukubwa, mutawa anayeongoza hospice, anakatala mupaka munganga, daktari yao, aruhusu. Neno ya munganga iko mu dosie, faili ya ugonjwa, na mugonjwa hana haki ya kuona dosie yake. Nilimuambia Yaya: kesho nitakuwekea hiyo dosie mukononi. Alicheka. Mbavu zote zilionekana.

Mercredi 5 juin
Munganga iko Opala, anachanja batoto. Badosie biko mu kabati, ufunguo alienda nayo. Nilimuambia masera mimi na komisere wa zone, mukubwa wa serikali, tulikula sahani moya. Akajibu, "Bon, citoyen, komisere alete ufunguo." Bazee bakacheka. Nilisikia aibu.

Jeudi 6 juin
Nilishinda ku benchi. Bure. Yaya alisha kufunga vitu vyake.
"Mwili iko yangu, leki," aliniambia mimi mudogo wake. "Sasa habari yake banaifungia juu ya nini?"
Mimi, mutu wa maneno mingi, nilirudi ku benchi.

Vendredi 7 juin
Mashua ilipiga honi. Tulisikia sisi wawili. Yaya aligeukia ukuta.

Mardi 11 juin
Munganga amerudi na ufunguo. Masera alinisomea dosie. Mimi ninajua kusoma sana, lakini maandiko ya munganga ni miguu ya kuku.
Imeandikwa tangu aprili: dawa haisaidie tena, mugonjwa arudi kwa ndugu zake kama anapenda. Aprili. Hakuna mutu alimuambia.
Yaya haweze tena kukaa wima. Nilimuambia yote. Akasema:
"Aprili nilikuwa natembea."

Jeudi 13 juin
Yaya amekufa.
Niko na hasira. Sina wa kumupiga.

Samedi 15 juin
Tulimuzika huku huku, mbali na mayi ya Yanonge.

Lundi 17 juin, Yanonge
Nilishuka na pirogi, mutumbwi mudogo. Bolumbu aliniuliza kama ni baba yake ndiye alikatala kuja. Nilisema hapana, alitaka sana. Sikuongeza kitu.
Alileta mayi ya kunawa. Tulikula.