Mrija wa Mwaka wa Kwanza

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KUPOTEA KWA SAMPULI YA DAMU

Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 66. Kazi: fundi wa maabara, mstaafu. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali.

Kuanzia mwaka 1986 nilikuwa nikichukua, mara moja kila mwaka, damu ya watu waliojitolea kwa uchunguzi wa moyo. Iliyobaki tuliigandisha kwenye mirija. Marehemu mke wangu alikuwa mmoja wao. Tulifahamiana siku ile ya kwanza, alipoketi akaniambia, "Kaka, ukikosa mshipa mara mbili, ya tatu nakudunga mimi." Niliukosa mara mbili. Alirudi kila mwaka hadi 2004. "Nyumbani ananimaliza damu kwa maneno, hapa kwa sindano," alikuwa akisema, foleni nzima isikie.

Mnamo tarehe 4 Machi 2024 mtafiti, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, alinijia na fomu. Alieleza kwamba sampuli na majalada ya zamani yangetumika upya kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka, na kwamba kwa marehemu ridhaa hutolewa na familia. "Baba, mama hakuruka hata mwaka mmoja. Mirija kumi na tisa! Hakuna mwingine." Nilitia saini kwa hiari.

Tarehe 11 Machi, saa 3:20 asubuhi, aliniita nimsomee mwandiko wangu kwenye mirija. Alipotoka kupokea simu, niliutia mfukoni mrija wa 1986. Sikuwa nimepanga. Mingine yote ni ya mke wangu. Huo ni wa msichana ambaye nilikuwa bado simjui.

Nilijua ungeyeyuka kabla sijafika getini, na ukishayeyuka haufai tena kwa utafiti. Nilitembea nao polepole.

Leo, tarehe 13, nimesikia kwamba binti huyo yuko mahabusu tangu jana kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa jokofu la sampuli. Hahusiki. Mrija ni huu.

Hayo ndiyo niliyoyatenda. Nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, saa 4:05 asubuhi, baada ya kumwonya shahidi kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Kielelezo kimepokelewa. Mtafiti ameachiwa saa 5:40. Alipomkuta shahidi benchini alimwamkia, kisha akasema: "Basi, baba, tutaanzia mwaka wa pili. Namba utanisomea wewe. Ila huo mfuko tutaushona."