Kona ya Ukuta wa Zahanati

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba namba 3, tarehe 19 Agosti, kuanzia saa 4:10 asubuhi.
Shahidi: mchoraji ramani wa Idara ya Maji ya mji huu, ajulikanaye kazini kwa jina la Rula. Umri: miaka 57. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya stoo ya idara.

Nimefika hapa kwa miguu yangu; sikuitwa.

Nimechora mabomba ya mji huu kwa miaka thelathini na moja. Kwa desturi ya ofisi yetu, bomba lililofukiwa hutambuliwa kwa kipimo kutoka kona ya jengo la kudumu. Katika Mtaa wa Zahanati yamelala mabomba mawili ya chuma, unene mmoja. La majisafi liko mita nne kutoka kona ya ukuta wa zahanati. La majitaka, yanayosukumwa na pampu, liko mita moja na sentimita ishirini kutoka kona hiyohiyo.

Mnamo tarehe 2 Juni ukuta huo ulibomolewa ili barabara ipanuliwe, ukajengwa upya karibu mita tatu ndani zaidi. Niliuona ukijengwa. Mimi hupita hapo kila siku nikienda kazini.

Mnamo tarehe 8 Julai, saa 5 asubuhi, mhandisi wa mradi wa kuboresha majisafi na majitaka aliniletea michoro kumi na minane niihakiki. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye ramani zangu na kuiingiza katika kompyuta. Niliomba siku mbili nikapime kona zote upya. Alicheka mbele ya ofisi nzima.

"Mzee Rula, mabomba hayahami. Wewe gonga muhuri tu, hiyo futi kamba yako kaanikie nguo."

Wote walicheka, hata wale niliowafundisha kushika penseli.

Niligonga muhuri wa "IMEHAKIKIWA" kwenye karatasi zote. Nilipofika ya kumi na moja, ya Mtaa wa Zahanati, nilikumbuka ukuta. Naomba iandikwe hivyo: nilikumbuka. Nikasema moyoni, hayahami, basi na achimbe. Nilidhani watakuta udongo mtupu, naye atarudi kuniuliza mbele ya watu walewale. Sikupiga hesabu ya kujua kipimo kile kingeangukia wapi. Ni hesabu ya kutoa, ya darasa la pili.

Mnamo tarehe 11 Agosti, saa 3:20 asubuhi, nikiwa mezani pangu, nilipigiwa simu na fundi bomba, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa shimoni Mtaa wa Zahanati, amekwisha kulikata bomba ili aunge laini mpya ya majisafi. Kituo cha pampu kilikuwa kimezimwa siku tisa kikifungwa mashine mpya, kwa hiyo bomba lilikuwa tupu.

"Shemeji, hili bomba linanuka. Mhandisi ananiambia, bomba la miaka arobaini ulitaka linukie marashi? Sasa mimi nakuuliza wewe. Ndilo?"

Nilimjibu, "Muulize huyo mhandisi wako."

"Karatasi si ina muhuri wako?"

"Inao."

"Basi naunga. Wewe ukigonga, mimi sina shaka."

Nilikata simu. Kutoka mezani pangu hadi shimo lile ni mwendo wa dakika saba. Sikwenda.

Mnamo tarehe 14 Agosti, saa 12 asubuhi, pampu ziliwashwa. Kufikia saa 6 mchana majitaka yalikuwa yakitoka kwenye koki za maji za mtaa mzima, pamoja na za zahanati yenyewe. Waliougua ni arobaini na watatu. Tarehe 17 alifariki mama mshonaji wa nyumba inayotazamana na zahanati. Shati hili nililovaa alilishona yeye.

Jioni ya siku hiyo shemeji yangu alikamatwa. Ripoti ya mhandisi inasema chanzo ni "uzembe wa fundi". Mke wangu aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu amekuwa mzembe tangu lini?" Nilisema sijui. Hilo ndilo jibu la uongo nililotoa katika jambo hili, na nalifuta hapa.

Shemeji yangu aliunga bomba mahali nilipomwambia, kwa muhuri na kwa kinywa. Mhandisi atajibu ya kwake. Haya ni ya kwangu; nimeyatoa bila kushurutishwa, nimesomewa na kuyakubali.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afisa: Shahidi aliomba sehemu moja irekebishwe: "karibu mita tatu" isomeke "mita mbili na sentimita themanini", akieleza kwamba ameupima ukuta leo asubuhi kabla ya kuja kituoni. Rekebisho limeandikwa hapa. Kisha aliomba kalamu, na kabla sijamzuia aliandika pembeni mwa ukurasa kwa mkono wake: 4.00 − 2.80 = 1.20. Nimeyaacha yalivyo. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliuliza shemeji yake aliyemo mahabusu atatolewa saa ngapi, na iwapo yeye atawekwa chumba kilekile.

(Sahihi ya afisa), saa 6:05 mchana.