Walimu Watatu na Ufagio Wangu

Naguru, Jumanne, Aprili 1975

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa jua linawaka kama vile si lenyewe lililojificha. Nepi hazijakauka. Rama anaota meno na jana usiku hakunipa nafasi hata ya kugeuka upande wa pili. Macho yangu yana mchanga. Lakini Baba Zaituni yuko zamu mpaka saa moja, maharagwe yanachemka bila kunihitaji, na penseli ninayo. Naandika.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Miezi mitatu ya majaribio katika chumba cha rangi imekwisha, na walimu watatu walikuwa waamue: nibaki nijifunze kazi yao, au nirudi kwenye ndoo na ufagio moja kwa moja.

Nilifunga kitambaa kipya kichwani. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshaharibu tangu Ijumaa.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya wadi ya hospitali, zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Wagonjwa wa mawazo, na watoto walioona mambo, huletwa hapo kuchora na kufinyanga. Hakuna anayefundishwa kuchora vizuri. Wanapewa tu mahali pa kuweka kile ambacho mdomo umekataa kukitoa. Karatasi ni migongo ya fomu za zamani, rangi ni makaa na bluu ya kufulia, siku ikipatikana. Nilipomweleza Baba Zaituni mara ya kwanza, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo, Mama Zaituni, umeacha kufagia matope sasa unayachezea?"

Nilimwambia nafanya yote mawili. Akacheka zaidi.

Mimi nilidhani walimu wa kazi hii huzaliwa hivyo, au hushuka kwenye ndege na cheti mkononi. Kumbe kila mmoja alikuwa kitu kingine kwanza.

Sista Roza alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji. Miaka mingi alimpa daktari makasi kabla hajaombwa. Baadaye akapelekwa kusomea magonjwa ya akili, na sasa yeye ndiye mwenye watu wazima walionyamaza. Hafanyi kitu bila kuandika: mgonjwa ameingia saa ngapi, ameshika mkaa kwa mkono gani, amebonyeza kwa nguvu au kidogo. Bado anatazama karatasi kama kidonda, polepole, kuanzia pembeni.

Mwalimu Lubega alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Nusu ya majina niliyokuwa nasoma mjini nikiwa msichana yalitoka kwenye brashi yake. Wahindi walipofukuzwa, wenye maduka wapya walimwita ayafute. Alifuta majina aliyoyaandika mwenyewe, ukuta baada ya ukuta, mpaka mkono wake ukaanza kutetemeka na haukuacha. Yeye aliingia chumba kile kama mgonjwa. Leo wote wenye mikono inayotetemeka ni wanafunzi wake, na hakuna anayewaelewa kama yeye.

Wa tatu ni Nalongo. Hilo ni jina la heshima la mama wa mapacha. Jina lake jingine silijui na sioni wa kuthubutu kumuuliza. Ni mfinyanzi, binti wa wafinyanzi. Ukoo wake ulipeleka vyungu ikulu ya mfalme, kule Mengo, mpaka ikulu ikawa haina mwenyewe. Hajui kusoma. Watoto ni wake.

Na mimi? Darasa la saba, na miaka miwili ya kufagia wadi. Sista Roza alinichukua kwa sababu aliona wagonjwa wanazungumza nami ninapopiga deki. Alisema mtu anayetazama sakafu hatishi. Sikujua kama nimesifiwa.

Sasa niandike habari ya Kirabo.

Kirabo ana miaka minane. Shangazi yake humleta kila Jumanne na Ijumaa. Baba yake alichukuliwa nyumbani mchana, kwa gari, na mtoto alikuwa barazani. Zaidi ya hapo siandiki. Siku hizi hata daftari lina masikio. Tangu siku ile hajasema neno. Kila akija, anafinyanga gari moja dogo la udongo, na likishakamilika analivunja kwa ngumi. Kisha anapanga vipande juu ya ubao wake, kimoja kimoja, na kuondoka.

Kuna jambo sijamwambia yeye wala shangazi yake. Mimi ni mke wa askari polisi. Baba Zaituni anaongoza magari barabarani na hajawahi kumchukua mtu nyumbani kwake, hilo najua. Lakini yunifomu inaning'inia kwenye msumari wangu, mimi ndiye ninayeipiga pasi. Halafu mchana naenda kukaa kando ya mtoto kama yule. Sijui hilo linaniweka upande gani.

Siku ya kwanza Nalongo aliniambia sheria moja tu: kitu cha mtoto hakiguswi. Nikaelewa. Sikugusa chungu, sikugusa mchoro, hata karatasi iliyoanguka niliizunguka. Lakini Ijumaa nilibaki kufunga chumba, nikaona ubao wa Kirabo una vipande na vumbi. Mkono wangu haukuuliza. Kilichovunjika ni takataka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza niliposhika ufagio. Nikavikusanya, nikavitia kwenye debe la nje, nikapangusa ubao mpaka ukang'aa. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Leo Kirabo aliingia, akautazama ule ubao safi, akaingia chini ya meza. Akaugeukia ukuta.

Sista Roza aliuliza nani amegusa ubao.

Nilinyamaza.

Si muda mrefu, labda kama wa kumeza mate mara mbili. Lakini katika muda huo nilimwacha afikiri ni mhudumu wa takataka, na nilijua ninachofanya. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha. Zaituni akivunja kikombe na kunyamaza namna ile, namkalisha kwenye mkeka mpaka aseme. Mimi nilikuwa nani wa kusamehewa?

"Ni mimi, Sista. Nilidhani takataka."

Akafungua daftari lake. Saa ngapi? Vipande vingapi? Nilitumia ufagio au mkono? Aliuliza vile mtu anavyouliza damu imetoka kiasi gani. Nilijibu nikiangalia vidole vya miguu yangu. Nikajua basi, kazi imekwenda.

Mwalimu Lubega akaweka brashi chini. "Sista, mimi nimefuta majina ya watu mji mzima, tena nikiwa najua kusoma. Huyu amefuta gari moja. Ukimfukuza, na mimi nifungashe."

"Sijasema namfukuza mtu," Sista akasema. "Naandika."

Nalongo hakumtazama yeyote. Alikuwa anaosha mikono.

"Hiyo udongo ilichomwa?"

"Hapana, Nalongo."

"Debe ilishamwagwa?"

"Bado, mpaka kesho."

"Sasa unalia nini, bambi, masikini? Haijachomwa, haijakufa. Enda leta."

Hata sikujua kwamba nalia.

Debe lilikuwa limejaa mvua. Vipande vyote vilikuwa vimeyeyuka, nikakuta tope zito chini, pamoja na kokoto, majivu na ganda la ndizi. Nilimwaga maji ya juu taratibu, kama mtu anayechuja pombe, tope nikaliweka kwenye beseni, nikalibeba mpaka chini ya meza. Nikakaa sakafuni. Sakafu naijua.

Nilisema, "Kirabo, ni mimi niliyetupa vipande vyako. Sikukuuliza. Nilikosa." Hakugeuka. Nikasubiri. Moyo ulitaka nimkumbatie, nimbembeleze kama ninavyombembeleza Rama. Lakini nilimwona mgongo umekaza, nikajua hilo lingekuwa kwa ajili yangu, si yake. Basi nikasema tena, "Vilivyobaki ni hivi. Vimeingia mawe. Mimi naanza kuyatoa. Ukitaka kukaa, kaa. Ila gari la mtu silitengenezi mimi."

Nikaanza kutoa kokoto. Nilitoa moja, nyingine, nyingine. Nyuma yangu nilimsikia Mwalimu Lubega akimwonyesha mzee mmoja jinsi ya kuuachia mkono utetemeke na mstari utoke wenyewe.

Sijui ni muda gani. Mkono mdogo ukaingia kwenye beseni.

Alitoa kokoto, akaitazama, akaiweka kwenye kiganja changu. Kisha nyingine. Hakuzitupa sakafuni; alinipa mimi kila moja, na kila alipoweka alinitazama kuhakikisha nimeshika. Kiganja kikajaa. Sikuthubutu kuzimwaga. Nikafungua kiganja cha pili.

Nalongo alikuja akaongeza udongo mkavu kidogo, tope likakazana. Kirabo akafinyanga magurudumu manne, akayapanga kwenye ubao. Kisha akaanza la tano, lile la akiba labda, na muda ukaisha. Sisi wote tulisubiri ngumi.

Hakupiga.

Aliuinua ubao kwa mikono miwili akauweka juu ya rafu. Akarudi mpaka kwenye kona, akachukua ufagio wangu, mrefu kumpita yeye, akaukokota mpaka nje ya mlango na kuuegemeza ukutani. Akarudi ndani, akafunga mlango. Akapangusa mikono kwenye gauni, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Mwalimu Lubega alicheka kwanza. "Nyabo, mama wee, umekwisha kufukuzwa na mwenye chumba."

"Si mimi," nikasema. "Ni ufagio."

Hata Sista Roza alificha mdomo kwa daftari.

Baada ya wote kuondoka, Sista alinipa fomu. Kumbe walikuwa wameshakubaliana tangu Ijumaa mchana, kabla sijafagia kitu, na leo hawakuona sababu ya kubadilisha. "Umechelewa kidogo kusema," aliniambia, "nimeliandika hilo pia. Lakini ulisema." Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma au hasira. Hiyo haikuwa huruma wala hasira, na ndiyo maana naiamini.

Fomu ina mistari michache. Jina. Elimu. Kazi ya awali. Ujuzi maalumu.

Kwenye kazi ya awali mkono ulisita. Nilifikiria kuandika "msaidizi wa wadi", linasikika vizuri zaidi. Kisha nikamkumbuka Sista na makasi yake, Mwalimu Lubega na kuta zake, Nalongo na vyungu vya ikulu iliyofungwa. Hakuna hata mmoja aliyeiacha kazi ya kwanza mlangoni. Waliingia nayo, pamoja na ubaya wake. Nikaandika kwa herufi kubwa: MFAGIZI.

Mstari wa mwisho nimeuacha wazi. Nilimuuliza Nalongo mimi ujuzi wangu utakuwa upi. Akasema, "Uko na haraka ya nini? Huyo mtoto ilikufundisha siku moja tu." Sawa. Miezi mitatu imenionyesha kwamba sijui kitu kilichovunjika ni cha nani. Labda naanzia hapo.

Ila lile la yunifomu bado halijaisha. Siku moja shangazi yake Kirabo itabidi aambiwe, na mimi ndiye wa kumwambia, si jirani. Nitapata wapi maneno? Leo nimeona kwamba kunyamaza kwa muda wa kumeza mate mara mbili tayari ni kurefu.

Rama ameamka. Maharagwe yananukia kama yanashika chini.

Kokoto nilikuja nazo nyumbani kwenye mfuko wa gauni. Zaituni ameshaziona na anazitaka za kuchezea. Nimemkatalia.

Ufagio nimeuacha pale pale Kirabo alipouweka. Ijumaa nitaupita kama mtu ninayemfahamu ambaye najifanya simwoni, niingie mikono mitupu. Akitaka uingie, atauleta mwenyewe.