Gari Lako Limepona, Baba Upendo

Mpendwa Baba Upendo,

Gari lako limepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje.

Unakumbuka siku ulipolileta nyumbani Sekei? Ulilinunua kwa yule mzungu aliyekuwa anafunga shamba lake la kahawa karibu na Usa River: jekundu, milango miwili, boneti refu, limelala chini kiasi kwamba kuku wa jirani walipanda juu yake bila hata kuruka vizuri. Ukalizunguka ukilipapasa, ukasema, "Mama Upendo, hili lilitengenezwa kwa kukimbia." Kumbe lilikuwa na ugonjwa wake. Likiwa la baridi linawaka bila tabu. Likishapata moto linakohoa, linazima, na haliwaki tena mpaka lijisikie.

Mimi nalikumbuka zaidi lilivyotuzimia Kikatiti. Tulikuwa tunarudi kutoka Moshi harusini, wewe na suti yako, mimi na viatu vilivyokuwa vimenibana tangu asubuhi. Ulifungua boneti, ukaniomba kilemba changu, ukakilowanisha kwa maji ya kunywa na kukizungushia pampu ya mafuta. Tukangoja. Akina mama waliokuwa wanauza ndizi wakaja kututazama, mmoja akaniletea kigoda. Baadaye ukawasha, likaitika, na wale akina mama wakakupigia vigelegele. Ulifurahi! "Si unaona? Mafuta yanachemka kabla hayajafika kwenye kabureta." Njia nzima ulikuwa unaimba, na mimi nimekaa kichwa wazi, nacheka.

Tangu siku hiyo kila fundi aliyekuja ulimpa jibu kabla hajagusa kitu: ni mafuta. Pampu ikabadilishwa. Kabureta zote mbili zikafunguliwa, zikasafishwa zikang'aa. Ugonjwa ukabaki palepale. Siku moja nikakuuliza, "Na kama si mafuta?" Ukanijibu kwa upole, bila kuinua kichwa, "Wewe shika tochi, mke wangu." Nikashika. Nilishika tochi ile miaka yote iliyofuata, na usukani wa gari hilo sikuugusa, ingawa leseni ninayo tangu enzi za ile pikapu yetu ya zamani.

Kisha presha ikakuchukua, tukakupeleka mlimani, tukakulaza kwenye kihamba cha baba yako, shamba la ukoo, kati ya kahawa na migomba.

Nataka ujue kilichofuata, maana hukuwepo. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa sebuleni kwetu. Mdogo wako Elirehema akasimama akasema wamekubaliana: nyumba isifungwe, gari la marehemu lisiguswe, na mama yenu asiachwe peke yake. Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa jikoni namimina chai. Nilipotoka na sinia nikakuta maisha yangu yameshapangwa.

Mama yako alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya kliniki, wewe mwenyewe ndiye uliyemleta. Baada ya mazishi akarudishwa Sekei, awe karibu na daktari. Kwa hiyo tukabaki watatu uani: yeye, mimi na gari. Wageni walipokuja kunipa pole walilitazama gari, wakanitazama mimi, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Upendo akajifungua Mwanza. Alikuwa ananipigia simu ya video, mtoto analia, na yeye mwenyewe analia. "Mama, njoo." Nikimweleza Elirehema ananiuliza, "Na Mama tumwachie nani, shemeji?" Nikawa naenda sokoni narudi, naenda kanisani narudi. Geti lilikuwa halina kufuli, Baba Upendo, na bado nilikuwa nalitazama kama mfungwa.

Mama yako naye alikuwa na kifungo chake. Asubuhi zenye anga safi mlima Meru unaonekana wote kutoka uani kwetu, na yeye alikuwa anageuza kiti aukabili. Elirehema alimwahidi kumpeleka kaburini "wiki ijayo", wiki ikija ana safari, ikija nyingine barabara imeharibika. Nikasema nikodi teksi. Akakataa katakata. "Siendi kwa mwanangu kwa gari la mtu nisiyemjua."

Siku moja nilikuwa naanika nguo, akaniuliza, mpole tu, "Mama Upendo, hivi mimi nitafia hapa?"

Niliweka beseni chini. Nikaenda kufungua boneti.

Usinikasirikie. Nilinunua betri na petroli mpya, nikaliwasha pale pale uani, nikaliacha lingurume. Lilinguruma vizuri, kisha likakohoa likazima, kama kawaida yake. Nikafanya ulichofanya Kikatiti: kitambaa kibichi juu ya pampu. Lakini safari hii sikungoja. Nikajaribu kuliwasha papo hapo. Kimya. Nikakaa kwenye kile kigogo chako cha kuchanjia kuni, nikafikiri. Kama dawa ni kitambaa, mbona halitibiki mpaka tungoje? Labda kule Kikatiti kilichotuokoa ni kungoja kwenyewe, boneti likiwa wazi na upepo unapita.

Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikaushika kwa glavu za mpira, ncha yake karibu na chuma cha injini. Nilihitaji mtu wa kuwasha.

"Mama, njoo ukae hapa uzungushe ufunguo."

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine, Mama?"

Akaja na mkongojo wake, akajitosa kwenye kile kiti cha chini akapotea, nikawa naona kilemba tu. Akazungusha. Injini ikazunguka, lakini kwenye waya hakuna cheche. Hata moja. Akazungusha tena. Giza tupu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna moto, Mama. Mafuta yapo. Umeme ndio haufiki."

Nikagusa koili, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi, nikautoa mkono haraka, ilikuwa inaunguza. Nikakamua kitambaa vizuri, nikaifunika yenyewe, nikabadilisha kitambaa mara kadhaa mpaka ikapoa, huku sehemu nyingine zote zikiwa bado za moto. "Zungusha, Mama." Cheche ikaruka, ya bluu, ikalia kabisa. Nikarudisha waya, akawasha, gari likaitika kwa sauti iliyomfanya apige kelele. Nilipiga kelele na mimi. Kisha nikaegemea mlango nikalia, maana wewe ndiye niliyetaka kumwambia.

Fundi mmoja wa umeme kule Themi akanitafutia koili inayolingana na ile, tukaifunga. Nilikwenda na gari mpaka Tengeru na kurudi, jua la mchana. Halikukohoa.

Elirehema alipopata habari alipiga simu. "Shemeji, ukoo ulisema gari lisiguswe."

"Ulisema pia Mama asiachwe," nikamjibu. "Kesho nampeleka kwa mwanawe."

"Ukilitoa hapo usinitafute."

Tulikwenda. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili mpaka Usa River, ndipo akaachia akaanza kunionyesha mashamba, hili la nani, lile lilikuwa la nani. Barabara ya juu tumbo la gari lilikuwa linakwaruza, kwa hiyo tuliliacha kanisani tukapanda kwa miguu, polepole, ananiegemea. Dada yake alitukuta njiani wakashikana hawataki kuachana. Kaburini Mama hakulia. Alipiga magoti, akang'oa majani moja moja kwa vidole, akiongea nawe Kimeru kwa sauti ambayo mimi sikutakiwa kuisikia.

Jua lilipoanza kushuka nikamwambia tuondoke. Akabaki amekaa.

"Mimi nimefika nyumbani," akasema. "Dada yangu ana chumba. Dawa nimekuja nazo, na kliniki nitashuka na wajukuu."

"Mama, sasa watasema nimekutupa."

"Watasema. Mama Upendo, kule Sekei nilikuwa nakaa kwa ajili yako. Waliniambia ukiachwa peke yako utaharibikiwa."

Mimi waliniambia hivyo hivyo juu yake.

Niliporudi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, Elirehema alikuwa getini amesimama, uso umevimba kwa hasira. Nilishuka nikamsalimia, kisha nikamkabidhi ufunguo.

"Gari la kaka yako hili. Ugonjwa ulikuwa koili. Liendeshe, likikaa linaoza."

Alitazama ufunguo mkononi mwake. "Na wewe?"

"Mimi naenda Mwanza kwa mwanangu."

Nilitegemea anifokee. Badala yake akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akashika usukani, na nikamwona mabega yanatikisika. Nikamwacha. Kumbe naye hakuwa amekulilia.

Hiyo ilikuwa juzi. Sasa begi langu liko mlangoni, kahawa yangu imepoa, na mimi nimekaa mezani kwako. Nilidhani nitatoka mbio. Lakini miguu imezoea kufika getini na kugeuka, na asubuhi hii imegeuka tena. Nimekupenda, Baba Upendo. Uliimba kutoka Kikatiti mpaka Sekei, na sauti hiyo naondoka nayo. Tochi nakuachia.

Mama amepiga simu sasa hivi, kwa simu ya dada yake.

"Umeshaondoka?"

"Bado, Mama. Naandika barua."

"Kwa nani?"

Nikamwambia. Nikawa nasikia mbuzi nyuma yake.

"Mwambie mimi nimeshafika," akasema. "Halafu imalize, basi lisikuache."

Lala vizuri, mume wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Upendo