Kombe la Vyuo, Riyadh na Jeddah

Al-Naseem, Riyadh
12 Novemba 2023

Dada Damaris,
U hali gani huko Jeddah, na wagonjwa wako wodini? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kukaa kwenye gari la bosi kutwa. Sisi tuliosoma vyuo vya Kenya tumeanzisha kombe la mpira, Riyadh na Jeddah, kila mwaka. Tumewachapa wenu hapa. Mwakani tunakuja huko kwenu Hindawiyah, anza kukanda chapati.
Ndugu yako, Titus

Al-Hindawiyah, Jeddah
3 Novemba 2024

Mdogo wangu,
Salamu nyingi. Mimi sijambo, na hapo ndipo penye shida. Bosi amekunyima ruhusa ya mpira, nawe unamwambia niko mahututi? Unanitafutia balaa, Titus. Mwaka jana Fred wa timu yetu alichelewa kurudi kutoka mechi huko, kafili wake, yaani bosi mdhamini, akaripoti ametoroka, ikama yake, kibali cha kuishi hapa, ikafungwa, na hadi leo hatujui aliko. Naogopa. Achana na hilo kombe.
Dada yako

Ndani ya basi
7 Novemba 2024

Dada,
Umeamkaje? Usinichape, nimeshatoka. Ila madam, mke wa bosi, amekuhurumia sana. Kesho anakuja Jeddah kwa ndugu zake, na kwao mgonjwa lazima atembelewe. Nimempa anwani yako, ningefanyaje? Tafadhali lala tu.
Titus wako

Jeddah
8 Novemba 2024

Titus,
Leo sina salamu. Nilijifunika blanketi hadi shingoni, na kutetemeka sikuigiza. Madam akaniombea dua, akaninywesha supu kwa mkono wake. Mara Griffins na wenzako wa timu wakaingia na kombe, wakiimba jina lako. Madam akafunika bakuli lisipoe, akatoka. Nasikia uko njiani kurudi. Usifike Naseem. Atamwambia bosi. Jifiche kwanza, unipigie.
Dada

Jeddah
10 Novemba 2025

Mdogo wangu mpenzi,
Popote ulipo, natumaini unakula. Mwaka huu hakuna aliyethubutu kucheza. Kombe liko chini ya kitanda changu.

Jana madam alinipigia simu. Hakumwambia bosi lolote, Titus. Walikungojea, chakula chako kikawekwa jikoni. Ulipokosa kufika ndipo bosi akaripoti umetoroka.

Mama anauliza mbona hupigi simu. Nimemwambia unaumwa, umelazwa, na utapona. Amewaita watu wa kanisa nyumbani wakuombee.
Dada yako, Damaris