Kibonge na Mistari Wanasema Nini

Jumamosi, 3 Februari

Leo tumepata wageni! Shemeji kamletea mwanangu Kidoti zawadi ndani ya boksi la viatu – simbilisi wawili. Mimi nilikuwa sijawahi kuwashika. Si panya, si sungura, wako katikati hapo. Mkia hawana. Masikio kama majani ya waridi. Mmoja mnene, rangi ya kutu. Mwingine ana mstari mweupe unaoshuka mpaka puani. Kidoti kawabatiza palepale: Kibonge na Mistari. Shemeji kaapa kwamba wote ni majike, tena ndugu.

Nikaenda mwenyewe kumwambia mama mwenye nyumba kabla hajasikia. Ukuta wake na wetu ni mmoja, ukipiga chafya anakujibu. Alinisikiliza huku anakunja mashuka, hata hakuniangalia. Sawa, akasema, kwa ajili ya mtoto. Lakini wawili tu. Siku akisikia wa tatu, tunatoka wote, sisi na panya wetu.

Nikasema asante mama, asante sana mama. Ningesema nini? Chumba cha mbele kama hiki, mlango unatazama barabara, na saluni yangu ndiyo kwanza watu wanaanza kuijua! Nitakipata wapi kingine?

Jumanne, 6 Februari

Wanaongea!

Nilikuwa namsuka mteja. Nikafungua pakiti ya nywele bandia, nailoni ikachakarika, na kule chini ya meza – WIII! WIII! Filimbi ya refa kabisa! Mteja karuka kitini, kitana kimening'inia kichwani. Kumbe walidhani ni mfuko wa mboga. Nikachakarisha tena. Wiii! Nikaacha. Kimya. Nikachakarisha – wiii!

Mteja akauliza, dada, unanisuka au unacheza na hao wanyama wako?

Vyote viwili, nikamwambia. Akacheka. Kaondoka na kichwa kizuri na ameahidi kumleta dada yake.

Alhamisi, 15 Februari

Shule sikufika mbali, lakini hii lugha naipata! Wakiwa wanazurura kwenye boksi lao wanasema duk-duk-duk, kama bibi anayefagia huku anajisemesha. Hiyo ni raha tu. Pikipiki ikipita nje kwa fujo wanaganda, halafu wanatetema kidogo kama simu iliyozimwa sauti. Hiyo ni woga. Ile filimbi ni lete chakula, na wanakidai kama wanakulipa mshahara.

Na leo – leo Mistari kanguruma! Rrrrrr, chini kwa chini, huku anatingisha makalio, anamzunguka Kibonge taratibu kama bwana harusi anaingia ukumbini. Furaha tupu! Amepapenda kwetu! Karibu nilie. Kidoti akaanza kumuiga, rrrrr, makalio huku, makalio kule, na mimi nikaunga nyuma yake. Tukanguruma kutoka jikoni mpaka saluni. Baba Kidoti katoka kazini katukuta hivyo. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Basi ngoja nirudi kazini," akasema.

Kibonge yeye hangurumi. Anagonganisha meno tu, ta-ta-ta-ta, na jana kamkojolea mwenzake usoni. Labda ndivyo anavyocheka.

Jumapili, 17 Machi

Jamani! Nimeaibika, nimecheka, na sasa naogopa, yote siku moja.

Yule muuza maua wa pale kona aliwahi kuwafuga simbilisi utotoni. Leo kaja kunyolewa pembeni, nikamwambia njoo uone ndugu wawili wanavyopendana. Mistari naye kama aliyetumwa: rrrrr, makalio huku, makalio kule. Muuza maua akamtazama, akanitazama mimi.

"Mama Kidoti, huyu si dada yake. Huyu anatongoza."

"Anatongoza nani?"

"Si huyo mnene! Na hayo meno unayosikia, anamwambia toka hapa, niache."

Wiki zote hizi! Mwanamke mwenzangu anasumbuliwa ndani ya nyumba yangu, na mimi nasimama pembeni napiga makofi! Akamgeuza Mistari tumbo juu. Dume, hakuna mjadala. Shemeji nitamtafuta.

Halafu akamshika Kibonge. Kicheko kikamwisha. Akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya tumbo, akasema tulia. Nikatulia. Kitu kikasogea mle ndani, kikapiga. Kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha.

Teke la mtoto mimi nalijua! Kidoti alinianza hivyohivyo, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, nikamshika mkono mama nisiyemfahamu nikamwambia amecheza! Nikapiga yowe hilohilo leo.

Upande wa pili wa ukuta mama mwenye nyumba akakohoa. Nikaziba mdomo.

Jumatano, 27 Machi

Mistari tumemhamishia boksi lake. Analia usiku na mchana, lakini Kibonge hagonganishi tena meno, anapumzika, duk-duk, duk-duk. Amekuwa wa duara kama mpira.

Baba Kidoti anataka shemeji aje awachukue wote kabla hatujatupiwa vyombo nje. Ana haki. Lakini muuza maua kasema mwenye mimba kubwa hivi hahamishwi, anaweza kufa. Kasema pia watoto wao hawazaliwi kama wa panya. Wanatoka na manyoya, macho wazi, na sauti. Sauti kuanzia siku hiyohiyo! Hakuna cha kuficha.

Nikamwambia mume wangu, nitamwambia mama mwenye nyumba mwenyewe. Kesho.

"Kesho ipi? Wakishaanza shule?"

Nilimpiga na mto. Lakini kesho. Kweli kesho.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandikia jikoni, nimesimama. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mama mwenye nyumba yuko saluni kwangu! Kaja tu, ana harusi ya mpwa wake, anataka rola. Nikasema leo ndiyo leo, nikimaliza rola namwambia. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikamfunga rola, nikaogopa, nikamwingiza chini ya mashine ya kukaushia. Ikinguruma ile hasikii hata jina lake.

Ndipo Kibonge akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Si filimbi, si meno. Fupi, nzito, kama anayebeba ndoo. Nikainama chini ya meza – wa kwanza ametoka! Mzima! Manyoya rangi ya kutu, macho wazi, ananishangaa! Kibonge anamlamba na anamsemesha, haraka haraka, laini, duduk-duduk-duduk. Hiyo hakuna aliyenifundisha na nimeielewa yote. Na mtoto kajibu! Wii. Nyembamba kama sindano.

Miguu ya mama mwenye nyumba iko palepale, slipa zake za bluu. Nimemwachia Kidoti alinde, kidole mdomoni. Wa pili anakuja. Nalia, nacheka, hata sijui –

Mashine imezima.

Wii. Wii. Wawili! Mtaa mzima umesikia.

Kiti kimelia. Kainuka.

"We Kidoti. Hawa ni wangapi?"

Mwanangu hajui kudanganya. "Wakubwa wawili. Na wadogo. Na mwingine anakuja."

Nasubiri afoke. Baba Kidoti yuko kazini, vyombo nitavibeba na nani?

Hajafoka. Nasikia magoti yake yakishuka sakafuni, moja, halafu la pili, anaguna. Rola zimegonga meza. Anaongea, lakini si na Kidoti. Nimesogea mlangoni. Sauti hiyo haijawahi kupita kwenye ule ukuta.

"Sukuma, mama. Pole. Sukuma, mwanangu, umekaribia."

Sasa ananiita mimi. Mama Kidoti, lete kitambaa kikavu! Upesi! Na mimi na wewe tutaongea –

Nakuja mama! Nakuja! Kitambaa nimekiweka wapi